Ramani za zamani za Sodankylä, Lapland: ni ardhi iliyobadilika au ni kalamu ya mchoraji?

Mwanafunzi_Rovaniemi aliuliza:

Habari za wakati huu, wanajukwaa. Ninasoma shahada ya uzamili ya mazingira hapa Rovaniemi, kaskazini mwa Ufini, na tasnifu yangu inahusu matumizi ya ardhi katika manispaa ya Sodankylä, ambayo iko kaskazini ya duara ya Aktiki. Usomaji wa ramani niliufundishwa sekondari kwa zile karatasi zetu za 1:50,000, kwa hiyo misingi ya skeli, ufunguo, gridi na kontua ninayo. Hata hivyo, ramani za huku zina mambo matatu yaliyonikwamisha, na ningeomba msaada wa wenye uzoefu.

Nimepakua skani za ramani ya msingi ya Ufini yenye skeli ya 1:20,000, ambayo ilianza kuchorwa mwaka 1947 na kukamilika kwa nchi nzima mwaka 1977. Taasisi ya Upimaji Ardhi ya Ufini inazitoa bure, pamoja na ramani ya kidijitali ya sasa. Nilichukua latitudo na longitudo zilizochapishwa kwenye kona za karatasi, nikaziingiza katika QGIS, programu ya ramani ya kompyuta, na ramani ikakaa takriban mita 200 pembeni ya mahali panapostahili. Si kona moja iliyokosea, bali karatasi nzima imehama kwa pamoja, barabara, mito na vilima vyote.

Jambo la pili ni vinamasi. Kwenye karatasi ya zamani sehemu kubwa ya ardhi imejazwa mistari ya mlalo inayoashiria kinamasi, na kontua ni chache mno, kiasi kwamba macho yanakosa pa kushika. Kwenye ramani ya sasa, vipande vingi vya vinamasi hivyo vimekuwa msitu, na juu yake ipo mistari mingi ya buluu iliyonyooka kama iliyopigwa kwa rula. Msimamizi wangu ameniuliza iwapo naweza kuitumia tofauti hiyo kama ushahidi kwamba vinamasi vinakauka kwa sababu ya ongezeko la joto.

La tatu linaweza kuonekana dogo. Ipo njia ya mistari ya vipande inayokatiza katikati ya kinamasi, kisha inavuka mto mahali pasipo na daraja wala kivuko, na kuendelea upande wa pili kana kwamba mto haupo. Kando yake, ndani ya kinamasi chenyewe, vimechorwa vijumba vidogo ambavyo sioni ni nani angeweza kuishi humo. Natanguliza shukrani.

Mpima_Mstaafu (Dodoma) alijibu:

Hongera kwa kazi, mwanangu. Nitajibu hilo la kwanza, kwa kuwa ndilo lililonilisha maisha yangu yote.

Huko kuhama kwa mita 200 si kosa la skana wala la karatasi. Latitudo na longitudo hazina maana mpaka zitajwe pamoja na umbo la dunia lililotumiwa kuzikokotoa. Karatasi zako zimejengwa juu ya elipsoidi ya kimataifa ya Hayford, wakati ramani ya sasa ya Ufini inafuata mfumo wa EUREF-FIN, ambao kwa matumizi ya kawaida unakubaliana na GPS. Tarakimu zilezile za longitudo, katika mifumo hiyo miwili, zinaangukia mahali pawili tofauti ardhini. Yeyote aliyewahi kuweka GPS juu ya karatasi ya zamani ya Kenya au Tanzania anaujua mchezo huu, kwani mfumo wetu wa Arc 1960 nao hukaa karibu mita 300 kando ya usomaji wa GPS.

Dawa yake ni kuziacha kona za digrii na kutumia gridi ya mita. Tazama tarakimu za upande wa mashariki kwenye pambizo. Ukikuta namba ya tarakimu saba inayoanza na 3, hiyo ni kanda ya tatu ya mfumo wa KKJ, uliowekwa mwaka 1970, ambao hutumia projeksheni ya Gauss-Krüger na una meridiani ya kati ya digrii 27 mashariki kwa eneo lako. Katika QGIS kila mfumo una msimbo wake: chagua EPSG:2393 kwa karatasi ya zamani, kisha iachie programu yenyewe kazi ya kuihamishia kwenye EPSG:3067, ambayo ndiyo ya ramani ya sasa. Angalia kwamba mifumo yote miwili ina meridiani ya kati ileile, jambo ambalo huwapotosha watu wakadhani ni mfumo mmoja. Mpya umepunguzwa kwa kizidishio cha 0.9996, yaani mita 4 katika kila kilomita 10. Iwapo karatasi yako ni ya kabla ya 1970, ilichorwa katika mfumo uliotangulia, ule wa Helsinki, lakini KKJ iliwekwa makusudi karibu nao, kwa hiyo tofauti inayobaki ni ndogo na utaimaliza kwa pointi za udhibiti, yaani mahali unapopajua kwa hakika kwenye karatasi na kwenye gridi.

Kuhusu pointi zenyewe, usitegemee kona nne tu. Karatasi moja ya 1:20,000 ina kilomita 10 kwa 10, sawa na sentimita 50 kila upande, na karatasi iliyokaa kabatini kwa miongo kadhaa hutanuka au kusinyaa. Milimita 2 tu za mtanuko ni mita 40 ardhini. Chukua makutano ya gridi yaliyotawanyika karatasi nzima, halafu hakiki kwa vitu vilivyopo hata leo.

Hapo ndipo Lapland inapohitaji uangalifu. Mwaka 1944 majeshi ya Ujerumani yaliporudi nyuma kuelekea Norwei yaliteketeza makazi mengi ya eneo hilo, kwa hiyo nyumba iliyoko kwenye ramani ya kabla ya vita na nyumba iliyoko kwenye ramani ya baadaye zinaweza kuwa katika kiwanja kimoja bila kuwa mahali pamoja. Kingo za mto Kitinen nazo usizitumie, maana mto huo umefungwa kwa vituo kadhaa vya umeme na maji yamepanda katika sehemu nyingi. Kwa karatasi inayoonyesha kijiji cha Sodankylä unalo kanisa la kale la mbao, lililojengwa mwaka 1689, ambalo liliponea vita na bado limesimama palepale. Ukiona kanisa hilo limeangukia juu ya kanisa la ramani ya sasa kwa tofauti ya mita chache, umefika. Ukiwa mbali na kijiji, tumia alama za pembetatu za upimaji zilizoko vileleni.

Mwalimu_wa_Jiografia (Kakamega) alijibu:

Asante Mzee kwa maelezo hayo, nimeyanakili kwa ajili ya wanafunzi wangu.

Kuhusu swali la pili, mimi naona jibu liko wazi. Kaskazini ya dunia inapata joto haraka kuliko sehemu nyingine, na hilo halibishaniwi. Kama kinamasi kilikuwepo kwenye karatasi ya zamani na leo ni msitu, basi ardhi imekauka na miti imepata nafasi. Ningeiandika hivyo katika tasnifu, mradi eneo limepimwa vizuri baada ya kurekebisha koodineti.

Pia, ukienda uwandani na dira, usitumie pembe ya sumaku iliyochapishwa kwenye pambizo la zamani. Huku Kenya tofauti kati ya kaskazini ya sumaku na kaskazini ya kweli ni ndogo, mtu anaweza kuipuuza na akafika. Huko inazidi digrii 10 mashariki kwa sasa, na inaendelea kubadilika. Bahati nzuri Sodankylä kwenyewe kuna kituo cha uchunguzi ambacho kimekuwa kikirekodi usumaku wa dunia tangu mwaka 1914, kwa hiyo thamani sahihi ya karibu mwaka wowote inapatikana.

Mkaazi_wa_Oulu alijibu:

Mwalimu, kwa heshima zote, hilo la vinamasi siliungi mkono. Joto linaongezeka kweli, lakini ramani hizi mbili peke yake haziwezi kuthibitisha kwamba ndilo lililofuta vinamasi hivyo. Nimeishi Ufini miaka mingi na nimefanya kazi katika misitu, kwa hiyo niruhusuni niwe mrefu kidogo.

Ile mistari ya buluu iliyonyooka ni mitaro. Ufini ilikuwa na takriban hekta milioni 10 za vinamasi, na zaidi ya nusu yake ilichimbwa mitaro ili maji yatoke na misonobari ikue kwa ajili ya mbao na karatasi. Kazi hiyo ilipamba moto hasa miaka ya 1960 na 1970, yaani baada ya karatasi nyingi za zamani kuchorwa na kabla ya ramani ya sasa. Kwa hiyo sehemu ambako kinamasi kimegeuka msitu na mitaro ipo, aliyekikausha ni mchimbaji na mashine yake. Anza kwa kuzitenga sehemu hizo zote. Nakuhakikishia utabakiwa na eneo dogo kuliko unavyotarajia.

Katika hicho kinachobaki, usikimbilie bado hali ya hewa. Ufunguo wa ramani za Ufini haugawi vinamasi kwa ekolojia, unavigawa kwa swali la mtu anayetembea kwa miguu: kinapitika kwa urahisi au kwa taabu, na je, kina miti au ni cha wazi. Ipo pia alama ya ardhi yenye unyevu ambayo tabaka lake la mboji, yaani mabaki ya mimea yaliyorundikana majini, ni jembamba, isiyo kinamasi kamili wala nchi kavu kamili. Mpaka kati ya madaraja hayo ni uamuzi wa mchoraji. Wa kwanza alipita kwa miguu akiwa na buti za mpira, wa pili aliketi ofisini akitazama picha za anga, akaona vivuli vya misonobari midogo iliyodumaa, akauhamisha mpaka. Kinamasi chenyewe hakikujua kitu. Halafu kuna majira: picha iliyopigwa mwanzoni mwa Juni, theluji ikiwa imetoka tu kuyeyuka, itaonyesha maji mahali ambapo picha ya Agosti inaonyesha nyasi. Tafuta picha za anga zenyewe, kwa kuwa za zamani zimehifadhiwa pia, na ulinganishe picha kwa picha za majira yanayokaribiana. Ukiona mabadiliko hapo, mahali pasipo na mtaro, hapo ndipo mjadala wa hali ya hewa unapoweza kuanza. Kama ungekuwa unafanyia kazi Utsjoki au Enontekiö, kaskazini ya mbali, ambako kuna vichuguu vya mboji vyenye kiini cha barafu isiyoyeyuka mwaka mzima, hoja ya Mwalimu ingekuwa na nguvu zaidi, kwa sababu vichuguu hivyo vinaporomoka kweli na picha za zamani zinaonyesha hivyo.

Umesema pia macho yanakosa pa kushika kwa uchache wa kontua. Kontua za ramani hiyo hutofautiana kwa mita 5, na kinamasi kinaweza kwenda kilomita kadhaa bila kupanda kiasi hicho. Lakini mteremko upo, na kinamasi chenyewe kinakuchorea. Vinamasi vikubwa vya huku, ambavyo Wafini huviita aapa, vina matuta membamba ya mboji yanayopishana na madimbwi marefu, na matuta hayo hujipanga kukingama mteremko, sawasawa na kontua zinavyofanya. Fungua picha ya anga juu ya kinamasi chako, fuata matuta kwa kalamu, halafu chora mshale unaoyakata kwa pembe mraba. Huo ndio mwelekeo wa maji, hata kama ramani haijakupa kontua moja.

Sasa njia na vijumba, ambavyo kwa kweli ni jambo moja. Ile ni njia ya majira ya baridi. Kuanzia mto unapoganda hadi barafu inapolegea, kinamasi na mto ndiyo barabara bora kuliko zote, kwani ni tambarare, hakuna miti wala mawe, na barafu inabeba mzigo. Daraja la nini? Kiangazi njia hiyo haipo kabisa, na atakayeifuata kwa ramani mwezi Julai atazama hadi kiunoni. Vijumba ni maghala ya nyasi. Kabla ya malisho ya kupandwa kuenea, wanakijiji walikwenda kufyeka nyasi za asili kwenye vinamasi na kingo zinazofurika, wakazikausha na kuzihifadhi humo. Kuzibeba kiangazi kungekuwa mateso, kwa hiyo waliziacha mpaka theluji ianguke ndipo wakazifuata kwa sleji za farasi au za kulungu wa Aktiki. Ukizipanga njia za baridi na maghala katika tabaka moja la QGIS utapata jinsi kila kijiji kilivyolisha mifugo yake na hadi umbali gani. Kwa tasnifu ya matumizi ya ardhi, mimi ningeanzia hapo kabla ya kupima hekta za kinamasi.

Mwalimu_wa_Jiografia (Kakamega) alijibu:

Nimekusoma, ndugu. Bado nadhani joto lina sehemu yake, ila nakubali kwamba mitaro lazima itengwe kwanza.

Mwanafunzi_Rovaniemi aliandika:

Mzee Mpima, shikamoo, na asante sana. Nimetumia gridi ya KKJ na makutano ya karatasi nzima, na sasa kanisa limekaa juu ya kanisa. Kaka wa Oulu, nimeanza kutenga mitaro, na wazo la maghala nitalipeleka kwa msimamizi.

Naomba kuongeza moja. Upande wa kaskazini-mashariki wa eneo langu kuna bwawa la Lokka. Karatasi yangu ya zamani zaidi, ambayo ni ya skeli ndogo, inaonyesha hapo vinamasi, mto Luiro na vijiji. Hilo nalielewa. Nisichoelewa ni kwamba hata karatasi mbili za baada ya bwawa hazikubaliani kuhusu umbo la ufukwe, na visiwa vya moja havipo kwenye nyingine.

Mpima_Mstaafu (Dodoma) alijibu:

Marahaba, mwanangu. Mstari wa ufukwe wa bwawa la umeme si mpaka wa asili, ni kimo kimoja cha maji ambacho mchoraji amekichagua, ama kile cha siku ya picha ama kile cha juu kinachoruhusiwa. Kabla hujalinganisha lolote, tafuta tarakimu ya kimo iliyoandikwa ndani ya bwawa katika kila karatasi. Hakikisha pia kwamba vimo hivyo viko katika mfumo mmoja, kwa kuwa Ufini imepitia mifumo ya vimo ya N43, N60 na sasa N2000. Moja ya sababu ni kwamba ardhi ya nchi hiyo bado inainuka tangu ilipotuliwa mzigo wa barafu ya kale. Pwani ya Ghuba ya Bothnia inapanda hadi milimita 9 hivi kwa mwaka. Sodankylä ni pungufu ya hapo, na kwa kontua za mita 5 huwezi kuiona, lakini unapolinganisha vimo vya maji inahesabika.

Mkaazi_wa_Oulu alijibu:

Nikiongezea hapo kwa Mzee: Lokka lilijazwa mwaka 1967 na bwawa jirani la Porttipahta mwaka 1970. Vijiji vya Korvanen na Riesto viko chini ya maji ya Lokka. Nchi ile ni tambarare mno, kwa hiyo kimo kikishuka mita chache tu, bwawa linaweza kupungua kutoka zaidi ya kilomita za mraba 400 hadi karibu nusu yake. Hiyo inatosha kueleza ufukwe wako.

Visiwa navyo vichunguze kimoja kimoja. Bwawa lilifunika vinamasi bila kuondoa mboji, na mapande ya mboji yaliinuka kutoka chini yakaelea, mengine yakiwa na vichaka juu yake. Upepo huyasukuma. Kisiwa ambacho kwenye karatasi ya kabla ya 1967 kilikuwa kilima chenye kontua ni kisiwa cha kweli, lakini kile ambacho mahali pake palikuwa na mistari ya mlalo ya kinamasi kina uwezekano mkubwa wa kuwa pande lililoelea.

Kuhusu mto Luiro, ukiuona umesinyaa baada ya kutoka bwawa la Lokka, hayo ni mabadiliko halisi, si ya kalamu. Mfereji wa Vuotso, uliokamilika mwaka 1981, unapeleka maji ya Lokka Porttipahta, na kutoka hapo yanateremka kwa mto Kitinen kupitia vituo vya umeme, kwa hiyo Luiro umebakiwa na maji kidogo. Mfereji huo utakusaidia pia katika kukadiria umri wa karatasi isiyo na tarehe inayosomeka. Ikiwa na mabwawa yote mawili bila mfereji, yaliyochorwa humo ni ya kati ya 1970 na 1981, hata kama mwaka wa uchapishaji ni wa baadaye. Ndiyo maana katika jedwali lako ningeweka safu tatu kwa kila karatasi: mwaka wa picha za anga, mwaka wa ukaguzi wa uwandani, na mwaka wa kuchapishwa. Mara nyingi hiyo miwili ya kwanza huandikwa kwa herufi ndogo chini ya karatasi, na watu wengi huikata wanapopunguza pambizo za skani.